Panya kwenye injini ya gari lililoegeshwa: wavu, mtego, sumu, harufu au paka?

Gari limekaa wiki mbili bila kuguswa. Siku ya kuliwasha, injini inamisi na taa ya injini kwenye dashibodi haizimi. Fundi umeme akifungua boneti anakuta nyaya za koili zimekatwa na mavi ya panya yametapakaa juu ya betri. Kuanzia hapo kila mtu ana dawa yake. Mlinzi anasema weka naftalini. Jirani anasema fuga paka. Kijana wa mtandaoni anauza kifaa cha sauti, na machinga mwenye spika anapita na sumu yake ya panya, mende na kunguni. Karibu zote zinasaidia mahali fulani na kwa muda fulani, kwa hiyo swali la kujiuliza ni ipi inaendana na gari lako, pale linapolala na kwa muda litakaokaa.

Kwanza, kwa nini wanapanda humo. Kwenye nchi za baridi husemwa kwamba panya hufuata joto la injini. Hilo ni kweli kwa Njombe, Lushoto au Limuru mwezi Juni na Julai, lakini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hakuna panya anayetafuta joto. Anachotafuta ni maficho: mahali penye giza, juu ya ardhi, asipofikiwa na paka wala bundi, na karibu na chakula. Ile sponji iliyo chini ya boneti ni godoro la bure. Meno yake ya mbele nayo hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune kitu. Kuna dai kwamba tatizo limekuja na magari mapya ambayo nyaya zake zimevikwa malighafi ya soya. Huko Marekani wenye magari waliwahi kuishtaki Toyota kwa hoja hiyo mwaka 2016. Mimi sioni faida ya kuchagua gari kwa kigezo hicho. Panya walitafuna nyaya na mabomba ya risasi zamani sana, kabla soya haijafika kiwandani.

Tutalinganisha kwa vigezo gani

Nimechukua vinne. Cha kwanza ni kile njia inachofanya hasa: inamzuia panya asifike, au inapunguza idadi yao tu? Wengi hununua cha kupunguza wakidhani wamenunua cha kuzuia. Cha pili ni muda inaodumu bila mtu kuishughulikia. Cha tatu ni hatari kwa watoto, kuku, paka, mbwa na kwa gari lenyewe. Cha nne ni gharama na kazi, yaani unalipa mara moja au kila wiki. Mwisho wa kila njia nataja anayefaa kuitumia.

Kabla ya kuchagua, angalia mavi. Yakiwa madogo, milimita 3 hadi 6, huyo ni panya mdogo wa nyumbani. Yakikaribia sentimita moja na kidogo yenye ncha kali, ni panya wa darini, mpandaji hodari. Makubwa ya karibu sentimita mbili yenye ncha butu ni ya panya wa mitaroni. Hii si elimu ya pembeni: wavu unaomzuia wa mitaroni unaweza kumpitisha mdogo, na paka anayemmaliza mdogo anaweza kumkwepa wa mitaroni.

Na njia yoyote utakayochagua, safisha kwanza. Panya hufuata harufu ya mkojo iliyoachwa na wenzao, kwa hiyo kiota kikibaki, wageni wataendelea kuja. Usikifagie kikavu wala kukipuliza kwa hewa ya kompresa kama wafanyavyo gereji nyingi. Mkojo wa panya hubeba leptospira, bakteria wanaowaambukiza watu ugonjwa, na Lushoto, ambako tauni ilizuka kuanzia 1980, watu wanajua vizuri panya anaweza kuleta nini. Vaa glavu na barakoa, ondoa waya wa hasi wa betri, loanisha kiota kwa Jik iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 9, subiri kama dakika 5, kisha okota kwa mfuko. Maliza kwa kitambaa chenye maji safi, maana Jik hula aluminiamu. Soketi za umeme usizimwagie.

Wavu na vizuizi

*Inachofanya.* Inazuia. Injini yote huwezi kuiziba kwa sababu hewa lazima ipite, ila unaweza kuziba yale matundu ambayo panya akiingia hasara ni kubwa. La kwanza ni mdomo wa eakilina. La pili ni uwazi wa kuingizia hewa ndani ya gari, ule ulio chini ya waipa, ambao ukiachwa hugeuka njia ya kufikia feni na kichujio cha hewa cha ndani. La tatu ni uvungu. Magari mengi ya mitumba hayana tena kava la chini la injini: fundi alilifungua akimwaga oili, na halikurudi. Kulirudisha hilo kava ni hatua kubwa kuliko dawa nyingi zinazouzwa.

Wavu uwe wa chuma, matundu yasizidi milimita 6, yaani robo inchi. Wavu wa kuku una matundu makubwa mno. Wa plastiki, kama wa mbu, hutafunwa usiku mmoja.

Kwa gari litakalokaa miezi kuna kizuizi kikubwa zaidi: ukuta wa mabati laini kulizunguka gari, kimo cha mita moja, ncha ya chini ikiwa imefukiwa kidogo. Wazo ni lilelile la ghala la mahindi lililoinuliwa na kuvishwa bati miguuni, kwamba panya hana pa kushika kucha. Hakikisha hakuna tawi, kamba ya kuanikia nguo wala ukuta ulioegemea karibu, la sivyo wa darini atashuka kutoka juu. Na kabla ya kufunga ukuta hakikisha hakuna panya aliyebaki ndani. Acha mitego miwili mitatu humo kwa siku za mwanzo.

*Inadumu.* Miaka, bara. Pwani chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo chagua kilichopakwa zinki au kisichoshika kutu, na ukikague kila baada ya mvua kubwa.

*Hatari.* Kwa watoto na wanyama hakuna, ila gari linaweza kuumia kwa usahaulifu. Wavu mzito ukibaki mbele ya redieta, gari litachemka. Ukiziba ekzosi kwa waya wa kusugulia masufuria, kazi nzuri, lakini uutoe kabla ya kuwasha. Bandika karatasi kwenye usukani iliyoandika kila ulichoziba. Vibanio vya wavu vikae mbali na feni na mkanda.

*Gharama na kazi.* Unalipa mara moja, pamoja na nusu siku ya fundi mwelewa. Hiyo "mwelewa" ni sharti kubwa kuliko bei.

*Inamfaa* mwenye gari linalokaa muda mrefu mahali pamoja, na aliyekwisha kuhasiriwa mara moja.

Mitego ya kubana

*Inachofanya.* Inapunguza. Panya waliopo watapungua kweli, ila kama jirani ana banda la kuku au jalala, wengine watachukua nafasi. Faida yake ambayo njia nyingine hazina ni kwamba unamwona uliyemkamata, na unajua kazi imefanyika.

Namna ya kutega ndiyo huamua. Panya hutembea kandokando ya ukuta, kwa hiyo mtego ulazwe chini ukikingama na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Weka karibu na matairi, maana wengi hupandia hapo. Kosa linalorudiwa kila siku ni mtego mmoja katikati ya uwanja. Tega mingi kwa pamoja. Panya wa darini na wa mitaroni ni waoga wa vitu vipya, hivyo acha mitego na chambo siku mbili tatu bila kuikaza ili wazoee kula, ndipo uikaze. Dagaa wa kukaanga au siagi ya karanga hutosha. Dagaa afungwe kwa uzi ili asinyakuliwe.

*Inadumu.* Inategemea mkono wako. Mtego usiokaguliwa kila asubuhi ni chuma tu.

*Hatari.* Vidole vya watoto na miguu ya kuku. Uweke ndani ya kipande cha bomba au boksi lenye tundu. Usiutege juu ya injini, kwa sababu kuna siku mtu atawasha gari bila kukumbuka.

*Gharama na kazi.* Bei ndogo, kazi ya kila siku.

*Inamfaa* anayelala palepale gari lilipo, au mwenye mlinzi anayeaminika. Mitego ya gundi sijaipa nafasi yake hapa: mnyama hufa polepole, kuku na mijusi hunasa, na gundi ikigusa mkanda wa injini ni balaa jingine. Uingereza (England) ilipiga marufuku raia wa kawaida kuitumia kuanzia Julai 2024.

Sumu

*Inachofanya.* Inapunguza, na kwa wengi kwa mara moja. Zilizosajiliwa, kama zenye bromadiolone au brodifacoum, huzuia damu kuganda. Panya hufa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo wenzake hawaunganishi chakula na kifo. Kwa mwenye ghala la nafaka hiyo ni sifa. Kwa mwenye gari ndipo shida inapoanza: katika siku hizo panya anaendelea kutafuna, na akizidiwa hujificha mahali pa giza. Mahali pa giza penyewe ni gari lako. Panya aliyekufia ndani ya mfereji wa hewa hutolewa kwa kufungua dashibodi.

*Inadumu.* Maadamu chambo kipo na hakijaota ukungu. Kwenye unyevu wa pwani si muda mrefu.

*Hatari.* Kubwa kuliko njia zote hapa. Paka, mbwa na bundi wakila panya mwenye sumu, nao hudhurika, na bundi ni mwindaji unayemhitaji. Poda zisizo na lebo za mitaani ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mtoto au kuku akizila daktari hana pa kuanzia. Zile za kuzuia damu kuganda zina tiba hospitalini, vitamini K1. Zinc phosphide haina dawa ya kuikata. Ikifika tumboni hutoa gesi ya fosfini. Nunua iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, tunza pakiti, na weka chambo ndani ya boksi linalofungwa. Ile desturi ya kuchanganya sumu na ugali kwenye kisahani na kukiacha uvunguni iachwe kabisa.

*Gharama na kazi.* Rahisi na haina kazi nyingi, ndiyo maana inapendwa.

*Inamfaa* mwenye yadi, gereji au ghala lenye panya wengi, asiye na mifugo wala watoto, na anayeweka chambo mbali na magari, ukutani mwa eneo. Kwa gari moja la nyumbani mimi ningeifikiria mwisho.

Harufu na pilipili

*Inachofanya.* Inafukuza kwa muda. Naftalini, mafuta ya minti, sabuni kali, pilipili ya unga: zote humsumbua panya siku za mwanzo, kisha harufu hupungua au yeye huizoea. Ndani ya injini huisha upesi zaidi kwa sababu ya joto na vumbi.

Pilipili ni jambo tofauti kidogo, kwa kuwa haitegemei pua. Kapsaisini, kile kiini cha ukali wa pilipili, humwasha mamalia yeyote mdomoni, na Honda huuza utepe wa kufungia nyaya uliotiwa kapsaisini kwa kazi hiyohiyo. Utepe huo haumzuii panya kuingia wala kujenga kiota. Unachofanya ni kuifanya nyaya uliyoifunga isitamanike. Ukizungushwa kwenye nyaya za koili, nozeli na sensa, unalinda pale penye gharama.

*Inadumu.* Harufu ni siku hadi wiki chache. Utepe hukaa muda mrefu zaidi usipokuwa karibu na ekzosi.

*Hatari.* Naftalini si kitu cha kuchezea. Mvuke wake huvutwa na feni hadi ndani ya gari, na kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), hali ya kurithi ambayo si adimu katika maeneo yenye malaria, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga ndiye wa kuhofiwa zaidi. Kunyunyizia mafuta ya taa au dizeli kwenye injini ni kujitafutia moto. Na fundi wako umwambie kuhusu pilipili kabla hajajipangusa macho.

*Gharama na kazi.* Senti chache kila mara, ila kila mara haiishi.

*Inamfaa* mwenye safari ya wiki moja, au anayesubiri fundi wa wavu.

Vifaa vya sauti isiyosikika naviweka kundi hili. Sauti hiyo haipiti vizuizi, na injini ni rundo la vizuizi. Panya nao huizoea. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuhusu madai yao. Kile kinachounganishwa na betri ya gari lililoegeshwa kina kasoro moja zaidi: kitakuachia betri iliyokufa.

Paka

*Inachofanya.* Anapunguza panya wadogo na kuwatisha wengine wasitembee ovyo. Kwa panya wakubwa matarajio yapunguzwe. Utafiti uliochapishwa 2018 kutoka kituo cha taka cha Brooklyn, New York, uliona paka wakiua panya 2 tu katika siku 79. Panya walichofanya ni kujificha zaidi, na kama nilivyosema, gari ni maficho.

*Inadumu.* Maadamu analishwa. Paka mwenye njaa huhama. Wazo kwamba njaa humfanya awinde zaidi limewapotezea wengi paka wao.

*Hatari.* Kwake yeye mwenyewe. Kwenye baridi hulala juu ya injini, na feni ikizunguka humkata. Gonga boneti kabla ya kuwasha. Na paka na sumu havikai ua mmoja.

*Gharama na kazi.* Chakula, chanjo na mapenzi.

*Inamfaa* mwenye kaya iliyotulia, ambaye angemfuga hata kama panya wasingekuwapo.

Kuna jambo la kuongeza lisilo na bei: kufungua boneti usiku na kuacha taa ya nje ikiwaka. Huondoa giza, na giza ndilo lililomleta. Linafaa kwenye banda lenye paa na ulinzi. Barabarani Kariakoo utaamka huna betri. Kuhusu kuliungurumisha gari dakika tano kila wiki, usilitegemee: betri haipati chaji ya maana, na usiku mmoja unatosha kukata nyaya. Kulisogeza na kulizungusha mtaa ni afadhali, kwa kuwa kiota huvurugika kabla hakijakamilika.

Kwa hali yako

Unaendesha kila siku, gari linalala uani mjini. Kata majani, hamisha pipa la taka na gunia la pumba mbali na gari, tega mitego minne mitano ukutani, na funga utepe wa pilipili kwenye nyaya za koili. Wavu unaweza kusubiri.

Gari linalala jirani na banda la kuku. Chakula cha kuku ndicho kinachowalisha panya. Kiwekwe kwenye pipa lenye mfuniko usiku. Mitego ndani ya mabomba, paka kama una moyo naye, na sumu isiwepo.

Uko shambani, au gari linakaa jirani na mashamba. Panya shamba huongezeka kufuatana na mvua, jambo ambalo watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, wamelifuatilia miaka mingi, na mavuno yakishaisha husogea kwenye nyumba. Ukaguzi wa boneti uwe wa kila wiki kuanzia mwisho wa masika, na kava la chini lirudishwe kabla ya hapo.

Una yadi ya magari ya kuuza. Ajiri mdhibiti wa wadudu mwenye leseni aweke chambo kwenye maboksi ya ukutani, na kwenye magari uweke wavu wa eakilina tu, usio na gharama kubwa. Mnunuzi akabidhiwe gari lililofunguliwa na kukaguliwa.

Gari linasubiri spea miezi, au mwenyewe yuko Muscat au Minneapolis na gari limebaki kwa kaka. Ukuta wa bati au angalau wavu kwenye matundu yote matatu, waya wa hasi wa betri nje, hakuna chakula ndani hata peremende. Kaka aachiwe funguo, mitego na karatasi ya ukaguzi wa kila Jumamosi, atume picha ya injini. Soma pia masharti ya bima: ya mtu wa tatu hailipi waya wako uliotafunwa, na hata bima kubwa mara nyingi huwatoa panya na wadudu. Siku ya kurudi, kabla ya kugusa ufunguo, fungua eakilina, tazama juu ya manifoldi ya ekzosi kama kuna nyasi kavu au vitambaa, zungusha macho kwenye mkanda, toa ulichokiziba kwenye ekzosi, ndipo urudishe waya wa betri.